Kipimo Kisiishie Kwenye Picha

Habari za kipimo cha ultrasaundi tumezoea kuzisikia kwa upande wa furaha. Mama anatoka kliniki na karatasi ndogo yenye picha, anaionesha nyumbani, watu wanabishana kama mtoto ni wa kike au wa kiume, na mambo yanaishia hapo.

Lakini ziko siku ambapo mpimaji ananyamaza. Anakirudisha kifaa juu ya tumbo mara ya pili na ya tatu, kisha anaandika kwamba kifuani mwa mtoto kuna kitu. Mama anaambiwa aende hospitali kubwa. Anapouliza ni nini, anajibiwa kwa maneno mawili matatu: ni uvimbe kwenye pafu. Neno hilo likifika Msimbati au Mahurunga jioni, limekwishakuwa kansa. Kesho yake asubuhi limekwishakuwa laana.

Tunaandika kwa ajili ya siku hizo. Maoni yetu ni kwamba picha peke yake si huduma. Kipimo kinachoonesha kasoro kwa mtoto aliye tumboni kinapaswa kufuatana na mambo matatu: maelezo ya kweli, tarehe ya kurudi kupimwa, na njia ya kufika kwenye msaada. Mambo mawili ya kwanza ni wajibu wa wahudumu wa afya. La tatu ni letu sote, na Kanisa katika pwani hii ya kusini halina ruhusa ya kusema kwamba halihusiki.

Kinachoonekana ni nini?

Tuanze na ukweli wa jambo lenyewe, maana huwezi kumfariji mtu juu ya kitu usichokijua. Ultrasaundi si mionzi, ingawa wengi wetu huiita hivyo. Ni mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, yanayorushwa tumboni na kurudi kama mwangwi. Wahandisi wa mabomba na meli hutumia mawimbi ya namna hiyo kutafuta nyufa ndani ya chuma. Na kwa kweli huko ndiko kipimo hiki kilikotoka. Profesa Ian Donald wa Glasgow, daktari wa wajawazito, alijaribu vifaa vya kupimia chuma kiwandani, na mwaka 1958, pamoja na John MacVicar na mhandisi Tom Brown, akatangaza matokeo yake katika jarida la Lancet. Inafaa wasomaji wetu wajue pia kwamba Donald alikuwa Mkristo aliyepinga waziwazi sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 iliyoruhusu utoaji mimba. Alitaka kumwona mtoto ili amhudumie.

Mapafu ya mtoto aliye tumboni hayavuti hewa. Yamejaa majimaji, na oksijeni mtoto anaipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye kasoro kubwa ya pafu anaweza kucheza tumboni kama mwingine yeyote, mama asihisi lolote, na shida ianze dakika kitovu kinapokatwa. Hapo ndipo tunapoona faida ya kujua mapema. Mtoto ni yuleyule na kasoro ni ileile, lakini kuzaliwa mahali penye oksijeni na daktari ni tofauti kabisa na kuzaliwa mahali ambapo hakuna mtu anayejua kwa nini anabadilika rangi.

Kasoro zinazoonekana kifuani ni za aina kadhaa. Kati ya kasoro za pafu lenyewe, iliyo ya kawaida zaidi ni sehemu ya pafu ambayo haikujengeka sawasawa, ikabaki na vifuko vya maji, vikubwa vinavyoonekana vyeusi katika picha au vidogo mno hata sehemu nzima ikaonekana kama doa jeupe. Madaktari huiita kwa kifupi CPAM. Aina ya pili ni kipande cha pafu kilichojitenga, hakikuunganika na njia ya hewa, na kinapata damu yake kutoka aota, mshipa mkuu wa mwili. Wakati mwingine aina hizo mbili huchanganyika kwa mtoto mmoja. Iko pia hali ya tatu inayofanana nazo katika picha, nayo ni ngiri ya kiwambo: ukuta unaotenganisha kifua na tumbo una tundu, na matumbo yamepanda kifuani. Hali hii si kasoro ya pafu lenyewe, na kwa kawaida ni nzito zaidi mtoto anapozaliwa. Kwa hiyo mpimaji anayeweza kuzitofautisha anampa mama habari tofauti kabisa.

Zamani iliandikwa kwamba kasoro ya vifuko humpata mtoto 1 kati ya 25,000 hadi 35,000. Siku hizi, vipimo vilipoenea, makadirio mengi husema ni kama 1 kati ya 7,000 hadi 10,000. Zamani watoto wengi walizaliwa nayo, wakaishi nayo, na hakuna aliyejua.

Matumaini yaliyopimwa

Sasa tuje kwenye swali analouliza kila mama: mtoto wangu ataishi? Kwa kasoro hizi za pafu, jibu kwa walio wengi ni ndiyo. Mtoto ambaye mwili wake haujajaa maji ana matumaini makubwa sana. Katika vituo vyenye huduma kamili, zaidi ya watoto 95 katika 100 wa namna hiyo huishi, na wengi wao hulia na kunyonya siku ya kwanza kama wenzao.

Kipindi cha kuangalia kwa makini ni kati ya wiki ya 20 na ya 28, kwa sababu ndipo vifuko hukua kwa kasi. Baada ya hapo, mara nyingi hukoma kukua au hupungua, huku kifua cha mtoto kikiendelea kupanuka na kuyapa mapafu nafasi. Daktari hapimi kwa kukisia. Anachukua urefu, kimo na upana wa kasoro, anavizidisha, anazidisha tena kwa 0.52, kisha anagawanya kwa mzunguko wa kichwa cha mtoto. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 na madaktari wa Philadelphia, Marekani, ulionesha kwamba jibu likiwa 1.6 au chini, na pasipo kifuko kimoja kikubwa kinachotawala, ni kama watoto watatu tu katika mia waliofikia hatua ya kujaa maji mwilini. Jibu lilipozidi 1.6, wengi wao, robo tatu au zaidi, walifikia hatua hiyo. Namba hiyo moja huamua kama mama arudi baada ya wiki moja au baada ya wiki nne.

Kujaa maji ndiyo hatari yenyewe. Kasoro ikiwa kubwa husukuma moyo upande na kubana mishipa ya damu, maji yakakusanyika tumboni, kifuani na chini ya ngozi ya mtoto. Bila tiba, wengi wanaofikia hapo hufa kabla au mara tu baada ya kuzaliwa. Hata hapo tiba ipo. Kwa kasoro ya vifuko vidogovidogo, sindano ya betamethasoni anayopewa mama imewasaidia watoto wengi. Kwa kifuko kikubwa, maji yanaweza kutolewa kwa sindano au kwa mrija mdogo. Mwaka 1990 kundi la Dk. Michael Harrison wa San Francisco lilieleza upasuaji wa kuondoa kasoro ya pafu mtoto akiwa bado tumboni. Huo wa mwisho unafanyika katika vituo vichache duniani, wala hatumwahidi mama wa Mtwara kitu kisichokuwapo. Tunautaja kwa sababu unatukumbusha jambo ambalo Kanisa limelisema siku zote: mtoto aliye tumboni ni mgonjwa mwenye haki ya kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Tuseme na hili, kwa kuwa ndilo linalovunja ndoa. Kasoro hii kwa kawaida haitokani na damu ya ukoo wa mume wala wa mke, na mara chache sana hurudia katika mimba nyingine. Haitokani na chakula alichokula mama, kazi ya shamba aliyoifanya, wala ugomvi na wifi. Wanafunzi walipomwuliza Bwana wetu kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alilikataa swali lenyewe. Katekista anayeijua sura ya 9 ya Injili ya Yohane ana jibu tosha kwa mama mkwe anayetafuta wa kumlaumu.

Kauli mbili tunazozikataa

Kauli ya kwanza husikika kwa watu wa dini. Husema kwamba mama mwenye imani hana haja ya kumchungulia mtoto. Mungu aliyempa ndiye anayejua. Kauli hii ina sura ya uchaji, lakini inasahau kwamba Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatuagiza kumheshimu tabibu kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa Evangelium Vitae wa tarehe 25 Machi 1995, namba 63, alifundisha kwamba uchunguzi wa mtoto kabla ya kuzaliwa ni halali usipomletea mtoto na mama hatari isiyolingana na faida yake, na unapolenga kumtibu mapema au kuwasaidia wazazi kumpokea kwa utulivu na kwa kujua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2274, inafundisha hivyohivyo. Kumpokea mtoto kwa kujua ni tendo la imani, na halipungui thamani kwa kuwa mama aliona picha.

Kauli ya pili husikika kwa watu wanaojiona wamestaarabika. Kuliko kuzaa mtoto wa kuhangaika naye, wanasema, ni heri kuyamaliza mapema. Hapa Kanisa halipepesi macho. Kipimo kinachotafutwa ili kuamua nani aishi na nani asiishi kinakuwa hukumu ya kifo, na hizo namba 63 na 2274 zinakikataa. Lakini kwa kasoro hii tunaongeza kwamba ushauri huo unakosea hata kitabibu. Anayemshauri mama aitoe mimba kwa sababu ya doa kwenye pafu la wiki ya 20 anamshauri amwue mtoto ambaye, kwa uwezekano mkubwa, angekuja kukimbia uwanjani na wenzake.

Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini zote humwacha mama peke yake. Moja inamnyima kujua, nyingine inamnyima mtoto.

Ushuhuda usiofikishwa mwisho

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa altare na mimbari kuliko madaktari. Tumesema vifuko mara nyingi hupungua baada ya wiki ya 28. Zaidi ya hapo, doa jeupe huanza kufanana na pafu zima linalolizunguka, hata katika picha ya wiki ya 32 au 34 lisionekane tena. Fikirini kinachofuata. Mama aliambiwa mwezi wa tatu kwamba kuna uvimbe, akaombewa, akafunga, na mwezi wa sita anaambiwa hauonekani. Atapewa kipaza sauti atoe ushuhuda, na mkutano mzima utapiga vigelegele.

Sisi tunaamini miujiza. Tunaamini pia kwamba mama huyo ana kila sababu ya kushukuru, kwani mtoto aliyevuka kipindi cha hatari amevushwa na Mungu yuleyule aliyeumba mwili unaojirekebisha. Lakini ukweli wa kitabibu ni kwamba watoto wengi ambao kasoro yao ilitoweka katika ultrasaundi hukutwa bado wanayo wanapopigwa picha ya CT baada ya kuzaliwa. Hata eksirei ya kifua inaweza kuonekana safi huku kasoro ipo. Mama aliyeambiwa kwamba amepona kabisa hatarudi. Mtoto atakapokuwa na miaka miwili na kuugua nimonia mara ya tatu au ya nne upande uleule wa kifua, hakuna atakayekumbuka karatasi ya kliniki. Atapewa dawa ya kikohozi, baadaye ya kifua kikuu, na chanzo kitabaki palepale.

Kwa hiyo tunawaomba mapadre, watawa na viongozi wa vikundi vya maombi wapokee shukrani hizo kwa moyo wote na waongeze sentensi moja: mama, mtoto apelekwe akapimwe baada ya kuzaliwa, na karatasi hii itunzwe. Mkoma aliyetakaswa na Yesu aliagizwa akajioneshe kwa kuhani, aliyekuwa na kazi ya kuthibitisha. Kuthibitisha hakuondoi shukrani.

Baada ya kuzaliwa, mtoto anayepumua kwa shida huhitaji upasuaji mapema. Kwa asiye na dalili, madaktari hutofautiana. Wengine huondoa sehemu hiyo ndani ya mwaka wa kwanza, kwa kuhofia maambukizi na, kwa nadra, saratani. Wengine humfuatilia kwa miadi. Njia zote mbili zinataka mtoto asipotee machoni mwa daktari.

Njia kutoka Msimbati

Tumefika kwenye jambo la tatu, nalo kwetu ndilo gumu kuliko yote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza kila mjamzito apimwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Katika mkoa wetu kipimo kinapatikana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, na kwenye njia ya Masasi katika hospitali ya Wabenediktini ya Mtakatifu Benedikto, Ndanda. Ukihitajika upasuaji wa kifua cha mtoto mchanga, macho yanaelekezwa Muhimbili, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Pimeni sasa njia hiyo kwa mguu wa mama anayeishi Msimbati, Kitaya au Kilambo, ndani au pembezoni mwa eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mimba yake ikihesabiwa kuanzia mwanzoni mwa Novemba, wiki ya 20 itaangukia Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha na barabara za bondeni zimelegea. Wiki ya 28 itaangukia katikati ya Mei. Fedha za korosho zilizopatikana kwenye minada ya mwisho wa mwaka zitakuwa zimekwisha kwa ada, madeni na chakula. Kipindi kile ambacho mtoto anahitaji kuangaliwa kila baada ya wiki mbili ndicho kipindi ambacho nyumba haina hata nauli ya bodaboda. Wanaosema akina mama wa pwani ni wazembe wa kliniki wangefanya hesabu hiyo kwanza.

Mama huyu mara nyingi ni Mwislamu, kwa kuwa ndugu zetu Waislamu ndio wengi katika vijiji hivi vya pwani. Hilo halibadilishi wajibu wetu. Msamaria wa Injili hakumwuliza aliyejeruhiwa anasali wapi. Tena katika jambo la kulinda uhai wa mtoto aliye tumboni, tuna mengi ya kukubaliana na masheikh wa vijiji hivi, na sauti ya kigango ikisikika pamoja na sauti ya msikiti, mume atamruhusu mkewe kusafiri mapema zaidi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache yanayowezekana. Kwanza, kila parokia ya ukanda huu iwe na mfuko mdogo wa nauli kwa mjamzito na mtoto mchanga mwenye rufaa, uchangiwe msimu wa korosho wakati mikono ina kitu, utumike wakati wa mvua mikono inapokuwa mitupu. WAWATA wana uzoefu wa kutosha wa kuusimamia, na UWAKA wasikae pembeni, kwa sababu mimba haikupatikana bila wanaume. Pili, familia ya Mkristo aliyeko Dar es Salaam ipokee mama wa rufaa kwa siku chache; Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kuunganishwa kwa simu moja. Tatu, kila nyumba ijue namba 115 ya mfumo wa m-mama, inayopigwa bure kuomba usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga. Mfumo huo ni wa dharura tu, haumpeleki mtu kwenye miadi ya kawaida, na ndiyo sababu mfuko wa parokia unahitajika.

Kwa wapimaji na wauguzi wetu, ambao wengi hufanya kazi nyingi kuliko mikono waliyo nayo, ombi letu ni dogo. Msiandike tu neno uvimbe. Mwambieni mama kwa Kiswahili rahisi: kuna sehemu ya pafu la mtoto haikujengeka vizuri, si kansa kwa ninavyoona, watoto wengi wenye hali hii huishi, lakini lazima tumwangalie tena tarehe fulani. Iandikeni tarehe hiyo kwenye kadi. Dakika tano hizo ni tiba.

Mtoto anapokuwa haponi

Tusiwadanganye wasomaji wetu. Wapo watoto watakaojaa maji na hawatafika, au watafika kwa saa chache. Hapo pia uhai wa mama unaweza kuwa hatarini, kwa kuwa mtoto aliyejaa maji anaweza kumsababishia mama kuvimba na shinikizo la damu kupanda. Mafundisho ya Kanisa hayamwambii mama afe. Anatibiwa, na ikiwa mtoto amefikia umri wa kuweza kuishi nje, kumzalisha mapema kwa sababu nzito ya kiafya si kutoa mimba. Mapadre walijue hilo kabla ya kuulizwa usiku wa manane.

Kwa wazazi Wakristo, mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kuchelewa, kama Sheria za Kanisa zinavyoagiza katika kanuni ya 867. Katika lazima mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa anaweza kubatiza, kadiri ya kanuni ya 861. Mkunga wa zahanati na bibi aliyeko chumbani wafundishwe namna yake: maji ya kawaida, jina, na maneno ya Utatu Mtakatifu. Mtoto huyo apewe jina, afungwe kitambaa kisafi, azikwe kama mtu, na baba yake awepo. Wazazi Waislamu tuwasindikize kwa heshima, wazee wao wa dini wakifanya yanayowapasa. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, alipozungumza na wataalamu huko Vatikano mwezi Mei 2019, alisisitiza kwamba hata mtoto ambaye maisha yake yatakuwa mafupi anastahili kutunzwa, na wazazi wake wanahitaji kusindikizwa. Kwa mila zetu za kusini, ambapo kichanga huzikwa kimyakimya na akina mama wachache na mama mzazi huambiwa asilie, tunayo kazi ya kufanya.

Sisi tulioko katika malezi ya kipadre tuna sehemu yetu. Tunasoma maadili ya uhai kwenye vitabu vizuri, tunafanya mitihani, tunafaulu. Kisha tunapelekwa vigangoni, na mama anatuletea karatasi yenye maneno ya kitabibu akidhani padre husoma kila kitu. Tusimjibu kwa haraka kwamba ni mapenzi ya Mungu, wala tusimwahidi muujiza kwa tarehe. Tumwulize maswali matatu: umeambiwa urudi lini, nani atakwenda nawe, na nauli ipo? Halafu tusali naye.

Hatuhitaji kusubiri mashine mpya ili kuanza. Wiki hii kiongozi wa WAWATA katika kila kigango apite nyumba kwa nyumba, bila kutangaza jina la mtu kanisani, aulize kwa sauti ya chini kama yupo mjamzito aliyeambiwa arudi kupimwa na hajarudi. Akimpata mmoja tu, parokia itakuwa na la kufanya.